Picha ya mto unaowaka Cleveland si ya 1969
Picha ya mto Cuyahoga ukiwaka, inayosambazwa kila jiji la Cleveland, Marekani, linapotajwa, si ya moto wa Juni 22, 1969, kama inavyodaiwa. Ni ya 1952. Moto wa 1969 ulizimwa kwa takriban nusu saa, wapigapicha hawakuuwahi. Na kilichowaka si maji: mafuta ya viwandani yalielea, yakanasa pamoja na mabaki ya mbao chini ya daraja la reli, cheche ikadondoka, pengine ya treni.

Leo, kiangazi, watu hupiga kasia mtoni humohumo, eneo la Flats, katikati ya jiji. Meli ya mizigo yenye urefu wa mita 180 ikikata kona, kaa kando kabisa hadi ipite. Baada ya mvua kubwa ahirisha safari: mabomba ya zamani hubeba maji ya mvua na ya choo pamoja, yakizidiwa humwaga mtoni.