Je, Wajua? Kwa Nini Mguu wa Mzee Huuma Akitembea na Kutulia Akisimama?

Mzee anatoka nyumbani akiwa mzima. Hatua mia mbili hivi, shavu la mguu linaanza kukaza kama limefungwa kamba. Anasimama kidogo, maumivu yanapotea. Anaendelea, na baada ya umbali ule ule yanarudi. Akiulizwa anajibu, "Uzee huo." Inaniuma kusikia jibu hilo, kwa sababu mguu unaofuata mpangilio kama huo kwa kawaida unalilia damu.

Ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, zinazoshuka miguuni zinaweza kujengeka utando wa mafuta kwenye kuta zake hadi njia ikawa nyembamba. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inatosha. Akitembea, misuli inadai nyingi zaidi na mshipa hauwezi kuipitisha. Hapo ndipo panapotofautiana na maumivu ya neva (mishipa ya fahamu) zilizobanwa mgongoni: hayo mara nyingi hayatulii mpaka mtu aketi au ainame, ilhali ya mshipa hutulia kwa kusimama tu.

Zaidi ya watu milioni 200 duniani wana ugonjwa huu wa ateri za miguu kuziba, na wengi ni wazee. Ni kweli miaka hukakamaza mishipa. Lakini kazi kubwa ya miaka ni kuvipa muda vitu vingine vifanye uharibifu wao.

Cha kwanza ni sigara, na hakuna kinachoikaribia isipokuwa kisukari. Moshi huchubua ngozi laini iliyo ndani ya mshipa, nikotini huubana, na damu yenyewe huganda kwa urahisi. Sigara huidhuru mishipa ya miguu hata kuliko ile ya moyo. Aliyeacha zamani naye asijisahau: hatari hupungua kadiri miaka inavyopita, ila alama yake inaweza kubaki kwa miongo.

Kisukari kina ubaya wa namna yake. Hupenda kuziba ateri zilizo chini ya goti, na wakati huohuo huua neva za unyayo. Mguu unakosa damu, tena umekufa ganzi, hivyo hauwezi kulalamika. Kiatu kinachubua kidole, mwenyewe hana habari, na dalili ya kwanza inakuja kuwa kidonda kisichopona. Wengi waliokatwa mguu walianzia hapo.

Shinikizo la juu la damu, lehemu (kolesteroli) nyingi na figo zilizochoka huongeza mzigo, na vikikutana viwili au vitatu kwa mtu mmoja hatari hupanda sana.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba wagonjwa wengi hawana maumivu hayo ya kutembea. Mzee mwenye magoti mabovu hatembei kiasi cha kufikia pale ambapo mguu ungeanza kuuma. Mshipa unaziba kimyakimya, na anayezibwa ateri za miguu mara nyingi huzibwa pia za moyo na ubongo.

Kipimo chake ni chepesi na hakina sindano. Hupimwa presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, kisha ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Mkono ukisoma 140 na kifundo 98, jibu ni 0.7. Likiwa 0.9 au chini yake, ugonjwa upo. Likizidi 1.4, mishipa imekuwa migumu, jambo la kawaida kwa wenye kisukari au figo mbovu, na hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Kabla ya kipimo, mvueni mzee soksi. Tazameni kama mguu mmoja ni wa baridi kuliko mwenzake, kama ngozi inang'aa na vinyweleo vimeisha, kama kuna jeraha katikati ya vidole. Muulizeni pia kama usiku huuning'iniza mguu nje ya kitanda ili apate usingizi. Anayefanya hivyo anatafuta damu ishuke, na hafai kungoja mwezi ujao. Na mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali, hospitali ni saa hiyo hiyo.