Akwilegia haitachanua Mwanza, lakini tuna ua letu la mkia

Kila mara mteja hunionyesha picha kwenye simu: ua lenye mikia mitano inayoelekea nyuma, anataka mbegu. Hiyo ni akwilegia, ua la misitu ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Mbegu zitaota, ila aina nyingi hazichanui mpaka mche upitiwe na wiki kadhaa za baridi kali, na usiku wa Mwanza haufiki huko hata Julai. Yangu niliimwagilia miaka miwili, nikaambulia majani.

Ndiyo maana nakuelekeza kwenye impeshensi, Impatiens walleriana. Asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na inauma kuona watu wakiidharau kwa kuwa imezoeleka.

Chuma ua moja uligeuze. Nyuma utaona mkia mwembamba kama uzi, umepinda. Ndani yake mna mbochi, yale maji matamu ya ua, na kipepeo mwenye mrija mrefu ndiye anayeyafikia. Kwenye akwilegia kila petali, yaani jani la rangi la ua, ina mkia wake. Huku mkia ni mmoja, na umetokana na sepali ya chini, moja ya vijani vinavyofunika ua kabla halijachanua. Sasa tazama katikati: kikofia cha chavua kimefunika sehemu ya kike. Kikofia hicho kikidondoka, ndipo ua linapoweza kupokea chavua. Linaanza dume, linamalizia jike.

Tunda likikomaa, liguse tu. Linapasuka, linajikunja, mbegu zinarukia mbali. Impatiens kwa Kilatini ni asiye na subira.

Ipande chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Usiibananishe na mawe makubwa yaliyo wazi, maana yanatunza joto mpaka usiku. Udongo uwe tifutifu, wenye samadi iliyooza. Mwagilia shinani asubuhi, kisha geuza jani: ukiona unga mweupe kwa chini, huo ni ukungu. Ng'oa mche wote uuchome, usiupeleke kwenye mboji.

Ukitaka rangi ileile, kata tawi chini ya kifundo, pale jani linapoota, lisimamishe kwenye glasi ya maji kivulini mpaka litoe mizizi. Ukitaka mbegu, livishe tunda kipande cha chandarua kabla halijapasuka. Ila miche yake inaweza kutoa rangi tofauti na mama.