Jani la Nyasi Linavyobana Maji

Mwezi Februari, mvua zinapokatika kwa wiki mbili huko Dodoma, majani ya mtama na mahindi huanza kujiviringisha kufikia saa sita mchana, na wakulima wengi ninaowatembelea huniambia kwamba mmea umeshindwa. Kazi yangu ni mimea ya malisho, nami huwaomba turudi shambani jioni, kwani mara nyingi tunayakuta majani yamekunjuka. Upande wa juu wa jani una safu za seli kubwa zilizojaa maji. Zikipungukiwa husinyaa, jani likajikunja kama mkeka, na unyevu ukafungiwa ndani usipeperushwe na upepo.

Kujikunja huko, hata hivyo, ni kujihami tu. Baadhi ya nyasi huokoa maji zaidi katika namna zinavyokula. Ili utengeneze chakula, mmea hauna budi kufungua vitundu vya jani, yaani stomata, uvute hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoka. Katika mpunga na ngano, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachoinasa hewa hiyo, rubisko, mara nyingine hunasa oksijeni kwa makosa, na makosa huongezeka joto linapopanda. Mtama, mahindi, ukoka na karibu nyasi zote za Serengeti hutanguliza kimeng'enya kingine kisichonasa oksijeni kabisa. Hicho huikusanya hewa ya ukaa hata ikiwa haba, ikawa asidi yenye kaboni nne (ndiyo asili ya jina la njia hii, C4), kisha asidi hiyo huingia katika seli zinazozunguka mishipa ya jani na kuiachia hewa palepale rubisko ilipo. Vitundu vikifunguliwa kidogo tu, mmea hushiba. Wanasayansi Hatch na Slack waliieleza njia hii mwaka 1966, wakichunguza miwa huko Australia.

Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa kabla sababu yake haijajulikana. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Akron, Colorado, Marekani, watafiti Briggs na Shantz walipanda mimea ndani ya vyombo na kupima maji yaliyotumika: kila gramu ya mtama mkavu iligharimu takribani gramu 322 za maji, ngano 513, mpunga 710.

Ukipanda Mlima Kenya utaona mpaka wa faida hii. Chini ya mita 2,000 nyasi karibu zote ni za C4, lakini juu ya mita 3,000, kwenye baridi ambako rubisko haikosei sana, zinazotawala ni zile zinazokula kama ngano, bila njia ya C4.