Kufundisha pamoja na darasa la ng'ambo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bila maabara ya kompyuta na intaneti ya kasi, haiwezekani."

iEARN, mtandao wa shule za nchi mbalimbali zinazofanya miradi pamoja, ulianza 1988 kwa kuunganisha shule 12 za jimbo la New York na shule 12 za Moscow, wakati ambapo hata wavuti haujavumbuliwa. Mpaka leo mradi mzuri unaendeshwa kwa simu moja ya mwalimu, wanafunzi wakiandika kwenye karatasi.

Kinachomaliza bando ni video ya moja kwa moja. Kikao cha kikundi cha saa moja kinaweza kula GB 1 na zaidi, ilhali ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki MB 1. Picha ya kamera ya simu huwa na MB 3 hadi 5. Ipunguze ifike KB 300 hivi, na mwandiko wa daftari utasomeka vizuri, ilimradi umeipiga karibu na dirisha mchana na hukutegemea taa ya darasani.

"Ni kazi ya mwalimu wa TEHAMA."

Sivyo. Ni ya mwalimu yeyote mwenye mada inayohitaji macho ya pande mbili: jiografia, biolojia, uraia, Kiswahili. Wa TEHAMA atakufaa siku projekta ikigoma.

"Wanafunzi wakiandikiana, tayari wanashirikiana."

Hapa ndipo miradi mingi inapofia. Wiki ya kwanza barua zinakwenda: naitwa fulani, napenda mpira. Wiki ya pili zinarudi. Wiki ya tatu kimya, na walimu wote wawili wanalaumu mtandao. Mtandao hauna kosa. Hakuna aliyebaki na sababu ya kuandika. Kazi igawanywe ili jibu lisipatikane bila upande wa pili.

Chukua matumizi ya maji nyumbani. Kwa siku 7 kila mwanafunzi anaandika lita zilizotumika kwao kupika, kuoga na kufua, pamoja na idadi ya watu wa nyumba hiyo. Huku kipimo ni dumu la lita 20. Kule wanasoma mita au bili, na Marekani mara nyingi ni kwa galoni. Kubalianeni kutumia lita (galoni ya Marekani ni lita 3.785) kabla ya siku ya kwanza. Kubalianeni na tarehe pia: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, na jedwali likishachanganyika hivyo kulitenganisha ni kazi ya usiku kucha. Andikeni jina la mwezi kwa herufi.

Baada ya kupima, madarasa yabadilishane majedwali. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kichague nyumba mbili za upande wa pili na kuuliza maswali matatu ambayo namba peke yake haziyajibu. Hapo mtoto wa Dodoma anaulizwa kwa nini Jumamosi lita zimepanda mara tatu, na inambidi aeleze habari ya kufua sare za wiki nzima. Wiki sita zinatosha: moja ya kufahamiana, moja ya kupima, moja ya maswali, mbili za kuandika ripoti moja ya pamoja, na moja ya akiba. Hiyo ya akiba usiipangie kitu; umeme utaila.

Na zawadi? Tunashauri walimu wakatae mapema, kwa adabu. Mara darasa moja linapoanza kuchangishia jingine madaftari, maswali ya kweli hukoma na shukrani huchukua nafasi yake.

"Muda tutaupanga tukishampata mshirika."

Kalenda kwanza. Tanzania mwaka wa masomo unaanza Januari na likizo ndefu iko Juni. Kenya wanafunga Aprili na Agosti. Shule za Marekani na Ulaya kwa kawaida huanza Agosti au Septemba na kumaliza mwezi wa Mei, Juni au Julai. Madirisha yanayofaa wote ni mwishoni mwa Januari hadi mwisho wa Machi, na tena Septemba hadi Oktoba kwa madarasa yasiyo na mtihani wa taifa.

Saa nazo zina mtego. Saa 2:00 asubuhi ya New York ni saa 10:00 jioni kwetu wakati wa baridi yao, lakini ni saa 9:00 alasiri wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo; mradi wenye nchi tatu utavurugika katikati hapo. Unapomwandikia mshirika, usitumie saa za Kiswahili kamwe. Andika 16:00, UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa).

"Picha za wanafunzi ni mali ya shule."

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022, na zote zinawagusa watoto. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, iliyotaja picha itakwenda wapi na kwa muda gani. WhatsApp yenyewe hairuhusu aliye chini ya miaka 13. Kwa mradi wa maji, picha ya jedwali na dumu inatosha, bila sura ya mtoto.

"Vyeti vya kushiriki vitanipandisha cheo."

Vyeti hivyo hupatikana kirahisi, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo. Jenga jalada: mpango wa ukurasa mmoja uliofungamana na mada ya muhtasari, sampuli tatu za kazi (nzuri, ya wastani, dhaifu), maelezo ya ulichobadilisha na kwa nini, na barua ya mshirika. Tanzania liwasilishe kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini). Kenya litumie kama ushahidi kwenye TPAD, tathmini ya utendaji wa walimu.

Usipoteze jioni ukijisajili eTwinning. Ilianzishwa 2005 kwa ajili ya shule za Ulaya na baadhi ya majirani zake. iEARN iko wazi kwetu pia. Mwalimu wa sekondari atazame Fulbright TEA, mafunzo ya walimu wa nje ya Marekani, ya wiki sita kwenye chuo kikuu cha huko. Mhadhiri atafute washirika wa COIL, mtindo wa madarasa ya vyuo vya nchi mbili kusoma pamoja mtandaoni, uliopata kituo chake SUNY (Chuo Kikuu cha Jimbo la New York) mwaka 2006. Mwalimu wa Kiswahili ana soko lake: vyuo vinavyokifundisha Marekani vinahitaji wazungumzaji, dakika 20 za Kiswahili kwa dakika 20 za Kiingereza. Waandikie kabla ya katikati ya Agosti, silabasi zikiwa bado hazijafungwa.