Wastani wa dakika hauoni kinacholifika jani

Ili kujua mimea itaitikiaje hewa ukaa (kaboni dioksidi) ikizidi, watafiti huifungulia shambani. Wanafunzi hapa Njoro huniuliza: hewa hiyo ikifunguliwa pasipo ukuta wala paa, si itapeperuka yote? Itapeperuka, na ndivyo inavyotakiwa. Jaribio hufanywa nje makusudi ili ngano ipate jua, mvua na ugonjwa wa kutu ya shina kama ngano ya mkulima yeyote wa Nakuru. Ndani ya nyumba ya plastiki joto na unyevu hubadilika, ukashindwa kujua mmea umeitikia gesi au umeitikia nyumba.

Mabomba huzungushwa kwenye kipande cha shamba. Kule Illinois, Marekani, duara za soya zina upana wa mita 20 hivi. Kipima upepo kinasoma unakotoka, valvu za upande huo zinafunguka, na upepo wenyewe unaibeba gesi hadi upande wa pili. Hewa ya kawaida leo ina hewa ukaa zaidi ya sehemu 420 kwa milioni. Majaribio mengi hulenga 550 hadi 600.

Ugumu uko kwenye kuchanganyika. Hewa ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo isipovurugwa mapema hulala chini. Mfumo wa maabara ya Brookhaven, Marekani, uliichanganya kwanza kwa feni. Waitalia baadaye wakaipitisha ikiwa safi kwenye vitundu vidogo kwa presha kubwa, itoke kwa kasi na kujichanganya yenyewe.

Ukitaka kuona jinsi gesi inavyotembea, choma majani makavu kando ya shamba alfajiri: moshi unatambaa usawa wa magoti bila kupanda. Rudi jua la utosi, moshi unakatika vipande, pengine mzito, pengine hakuna kabisa. Kisumu mchana upepo wa ziwani huvuma upande mmoja kwa saa nyingi, kwa hiyo mimea ya ukingo unakotoka upepo itashiba gesi kupita kiasi. Usiivune kwa ajili ya takwimu.

Vile vipande ndivyo vinavyonishughulisha, maana gesi nayo hulifikia jani vivyo hivyo. Kompyuta ya jaribio huripoti wastani wa gesi kwa dakika, nao huwa mzuri. Lakini tuseme jani limepata 800 kwa nusu ya dakika na 400 kwa nusu nyingine. Wastani ni 600, ila usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) hupanda haraka mwanzoni kisha ongezeko linafifia, kwa hiyo kilichopatikana kwenye 800 hakifidii kilichokosekana kwenye 400. Mwaka 2020 watafiti Allen, Kimball, Bunce na wenzao walionyesha kuwa kupanda na kushuka huku kwa gesi hupunguza ukuaji na mavuno. Kwa hiyo ngano, maharagwe na viazi huenda vinafaidika na hewa ukaa kuliko majaribio ya wazi yanavyoonyesha. Mahindi ni habari nyingine: Illinois, mvua ilipotosha, hayakuongeza mavuno.

Atakayejenga duara huku kwetu asitegemee kihisio kimoja cha gesi cha katikati. Aweke kadhaa, usawa wa majani, vyenye kusoma mara kadhaa kwa sekunde, na atoe takwimu za sekunde pamoja na za dakika.