Tapestri ni nini hasa, na jina limetoka wapi

Nikisema nafuma tapestri swali linalofuata karibu kila mara ni "kwa hiyo unatarizi?" Hapana jamani, na hii tofauti naomba tuielewe vizuri maana ndo roho ya kazi yenyewe.

Anayetarizi anachukua kitambaa ambacho kimeshafumwa, anakipamba kwa sindano. Tapestri haina kitambaa cha kutangulia, picha na kitambaa vinazaliwa pamoja. Unatanda nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, halafu mshindio, uzi wa kupita katikati yake, haupiti toka ukingo huu mpaka ule kama kwenye nguo ya kawaida, kila rangi inaenda na kurudi kwenye eneo lake tu, nyekundu ikiishia hapo bluu inaanza, na unaushindilia mpaka mtande wote unafichika. Inachukua muda mrefu mno, ndo maana zamani huko Ulaya tapestri ilikuwa mali ya wafalme, matajiri na makanisa.

Sasa jina. Wagiriki wa kale walikuwa na tapes, kitambaa kizito cha kutandika kwenye viti na vitanda, kwa Kilatini ikawa tapetum, Wafaransa wakapata tapis yaani zulia, halafu tapisserie, na Waingereza wakalitoa huko. Yaani lilianza kwenye kutandika, kupanda ukutani kulikuja baadaye. Wajerumani nao leo wakisema Tapete wanamaanisha karatasi ya kubandika ukutani, uzi haumo tena kabisa!

Ila mimi yananigusa zaidi majina yaliyotokana na wafanyakazi wenyewe. Arras ni mji wa kaskazini mwa Ufaransa, mafundi wake walisifika sana karne ya 14 na ya 15 mpaka Waitaliano wakaita tapestri arazzo, na mji ulipotekwa na mfalme wa Ufaransa Louis XI mwaka 1477 kazi ikadidimia lakini jina likabaki. Gobelin ilikuwa familia ya watia rangi jijini Paris, hata wafumaji hawakuwa, ila mwaka 1662 waziri Colbert alinunua eneo lao kwa niaba ya mfalme Louis XIV akakusanya mafundi pale, na sasa lugha kibao zinaita tapestri gobelin. Karakana ipo mpaka leo, na kwenye vitanda vya kufumia vya kusimama fundi anafuma akiwa upande wa nyuma, anachungulia mbele kwa kioo.

Halafu kuna ile ya Bayeux, mji wa Ufaransa, urefu wake kama mita 70, inaonyesha vita vya Hastings huko Uingereza vya 1066, na kila mtu anaiita tapestri. Ni kazi nzuri ajabu, naipenda kweli, ila ni nyuzi za sufu zilizotariziwa juu ya kitani. Imepewa jina hilo kwa sababu tapisserie lilishatanuka likabeba karibu kila kitambaa cha kupamba ukuta. Ukitaka kupima mwenyewe, angalia sehemu isiyo na picha: ya Bayeux unaona kitani kitupu, kwenye tapestri hata hiyo sehemu imefumwa kwa mshindio wa rangi, maana bila huo kuna nyuzi za mtande tu.