Je, wajua kwamba si kila kionekanacho katika filamu za wanyamapori kilitokea porini?

Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa filamu iitwayo White Wilderness, ambamo lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya waishio nchi za baridi, wanaonekana wakiporomoka kwa makundi kutoka gengeni hadi majini, kana kwamba wanajiua baharini. Filamu hiyo ilitunukiwa Oscar. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ilifichua kwamba lemingi hao walinunuliwa na kusafirishwa hadi Alberta, jimbo lisilo na bahari, wakawekwa juu ya meza ya kuzungushwa ili wachache waonekane wengi, kisha wakasukumwa mtoni. Lemingi hawana desturi ya kujiua, lakini wapo watu wanaosadiki hadithi hiyo hadi leo.

Si kila ujanja wa kamera, hata hivyo, una ubaya wa namna hiyo. Dubu mweupe huzaa katikati ya majira ya baridi, ndani ya pango alilolichimba kwenye theluji, na mtu akiingiza kamera humo huhatarisha maisha yake mwenyewe na ya watoto wa dubu pia. Kwa sababu hiyo BBC, katika mfululizo wa Frozen Planet wa mwaka 2011, ilipiga picha za watoto wachanga wa dubu katika pango la kutengenezwa ndani ya bustani ya wanyama nchini Uholanzi, ikaziunganisha na picha za porini. Baadhi ya watazamaji wa Uingereza walipogundua hilo walilalamika, nayo BBC ikajibu kwamba maelezo yalikuwa kwenye tovuti yake. Kwa maoni yangu jibu hilo halikutosha, kwani anayetazama filamu sebuleni hana sababu ya kwenda kuisaka tovuti. (Sauti nazo zina siri zake: lenzi humvuta mnyama aliye mbali, lakini kinasa sauti hakimfikii, hivyo mlio wa nyayo kwenye theluji mara nyingi hutengenezwa studioni kwa kuminyaminya mfuko wa unga laini wa mahindi.)

Picha za kompyuta zenyewe hazimdanganyi mtu. Filamu ya televisheni iitwayo Walking with Dinosaurs ya mwaka 1999 ilijaa picha hizo, na kila mtazamaji alijua kwamba dinosaria walikwisha kutoweka. Kinyume chake, mwaka 2012 televisheni ya Animal Planet ilirusha kipindi cha kubuni kuhusu nguva wenye umbo nusu mtu nusu samaki, waigizaji wakijifanya wanasayansi, hata NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa, ikalazimika kutamka kwamba hakuna ushahidi wowote wa viumbe hao.

Kwa hiyo ujanja una nafasi yake pale tu unapoonyesha tabia ambayo mnyama anayo kweli, na mtazamaji akaelezwa ndani ya filamu yenyewe. Frozen Planet ilikuwa na sehemu fupi mwishoni mwa vipindi vyake kuhusu namna picha zilivyopatikana. Sekunde chache za sehemu hiyo zingetosha kulionyesha lile pango la Uholanzi.